Kidole cha Nawoi

Lodwar, Jumapili jioni, 1979

Wekesa mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga rafiki zako, na pikipiki umeiacha hapa uani umeifunika kwa shuka langu jipya. Ofisi imekupa chombo hiki juzi tu na tayari kinalala vizuri kuliko mimi. Nimeketi karibu nacho kwa sababu kivuli cha nyumba kimefika upande huu, lakini harufu ya petroli inanichafua roho. Nina karatasi za kutosha na kalamu mbili, wala sitamaliza upesi.

Mambo ya kuchemsha maji na kukung'uta viatu asubuhi kabla ya kuvivaa unayajua. Kama huyajui mpaka leo, nge wa Kakuma watakufundisha. Mimi nina neno jingine, na ningekuambia kwa mdomo kama mdomo wangu ungekuwa wa kuaminika. Ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini sikuuamini.

Jana mchana ulikuwa unaiosha pikipiki, na Lokai wa hapa jirani akaja kuitazama. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nikakusikia unamhadithia kile kisa cha mwanamke wa Kalobeyei aliyeirukia pikipiki ya marehemu baba yako ikiwa inakwenda, akidhani ni punda. Ulikisimulia vizuri. Uliiga sauti ya baba yako, ukaiga na jinsi yule mwanamke alivyobiringika mchangani na mavazi yake ya ngozi. Lokai akacheka mpaka akakohoa, nawe ukacheka. Niliuacha mwiko kwenye sufuria, nikaenda nyuma ya nyumba, nikatapika.

Uliponiona ukaniuliza kama ni malaria, nikasema labda. Haikuwa malaria. Kisa hicho ni uongo, na aliyeutunga ni mimi. Baba yako aliongeza punda tu, akausambaza, kwenye chai, kwenye pombe, kwenye mikutano ya ofisi, mwaka baada ya mwaka, mpaka na wewe ukaurithi pamoja na saa yake ya mkono. Kesho unahamia Kakuma kufanya kazi aliyoifanya yeye, juu ya pikipiki kama yake, na mwanamke huyo anaishi hukohuko. Jina lake ni Nawoi. Hajawahi kurukia kitu chochote maishani mwake.

Sitaki umchukie baba yako. Alikuwa mtu wa bidii, na watu wa huku walimpenda kuliko watu wengi waliokuja kutoka Kenya. Wewe unacheka tunaposema hivyo, kana kwamba hapa si Kenya, lakini ungeona maofisa wa wakati ule walivyoshuka kwenye gari wakiwa wameziba pua kwa leso, ungesema hivyohivyo. Baba yako hakuziba pua. Alikula maziwa yaliyoganda na damu siku ya kwanza, akaomba tena. Kiturkana chake tu ndicho kilichokuwa cha amri: njoo, shika, funga, panda. Mengine yote niliyasema mimi kwa niaba yake, na hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Nikuambie habari ya mbuzi. Mtu anayekuja kutibu mifugo hupewa mbuzi, na kumkataa ni kulitukana boma. Hiyo ni desturi yetu na ni nzuri. Lakini mbuzi wa mgeni huchinjwa palepale, mkala pamoja, mgeni akalala, asubuhi akaagwa. Baba yako hakuwa na muda wa kulala. Alimfunga mbuzi miguu, akamlaza juu ya tangi la petroli katikati ya mikono yake, akaja naye Lodwar. Mara ya kwanza watu walishangaa. Baadaye wakaanza kumchagulia mbuzi mdogo, lakini hawakumwambia kitu, kwa sababu mgeni haonywi na mwenyeji. Anaonywa na mke wake, hasa kama mke wake ni Mturkana. Mimi nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nyama ilikuwa tamu na majirani walinionea wivu.

Siku ya kisa chenyewe ulikuwa bwenini Kitale, darasa la saba. Baba yako alikuwa amemaliza kuchanja ng'ombe kule Kalobeyei. Mbele alikuwa na mbuzi na nyuma sanduku la chanjo. Wazee wakamwambia kuna ngamia wanaokohoa kwenye kisima fulani, mbali na barabara, na aliyeijua njia ni Nawoi, mke wa mwanamume aitwaye Lomuria. Ngamia wenyewe walikuwa mali yao. Nawoi akasema atatangulia kwa miguu, nao watakutana kisimani kabla jua halijatua. Wanawake wetu hutembea, unajua. Baba yako akamwambia apande.

Bibi yako alivaa ngozi mpaka alipokufa, kwa hiyo umeziona. Ile ya nyuma ni ndefu, inakaribia visigino, na pembeni ina shanga na vipande vya chuma. Haikushonwa kwa ajili ya pikipiki. Nawoi alimwonyesha baba yako ngozi yake, akamwonyesha na mnyororo uliokuwa wazi, bila kifuniko, kwa sababu kifuniko kilikuwa kimeanguka mwezi uliopita na hakuna aliyejali. Baba yako akasema panda. Akapanda, akakaa upande mmoja, miguu yote miwili upande wa mnyororo.

Waliposhuka kwenye mto mkavu, ngozi ikaingia. Ngozi haichaniki kama khanga, Wekesa. Inavuta. Iliuvuta mguu mpaka ndani, na baba yako aliposikia mlio akataka kushika breki, lakini mbuzi alikuwa katikati ya mikono na akarusha kichwa. Wakaanguka wote. Baba yako alivunjika mkono. Nawoi alivunjika chini ya goti, mfupa ukatoka, ukaingia mchangani. Mbuzi hakupata hata mkwaruzo.

Walifikishwa Lodwar siku ya pili juu ya lori la mfanyabiashara, wamelazwa juu ya marundo ya ngozi mbichi, mguu wa Nawoi umefungiwa kwenye kuni mbili. Mimi ndiye niliyempokea, maana hapa hospitalini kwetu nilikuwa nafunga vidonda na kumtafsiria daktari. Nilimkatia lile vazi la ngozi kwa makasi. Alinishika mkono akaniomba nisiziharibu shanga, alipewa na mama yake. Harufu ya ngozi za lori ilikuwa imemwingia kwenye kidonda, na mpaka leo nikiisikia mahali popote naondoka.

Nimefanya kazi ile wadini miaka mingi, na nimeona watu wa pikipiki wakiletwa. Katekista aliyegonga punda. Mwalimu wa kule Kaikor aliyelala njiani siku moja na usiku wake akingoja gari. Mtoto aliyegongwa na karani mmoja kule Kerio, karani akasema mtoto ndiye aliyekimbia vibaya. Kila mara anayeendesha ni mtu wa mshahara, na hata akiumia mshahara unaendelea. Aliyegongwa au aliyepakiwa ana mbuzi tu. Inanitia kinyaa, na kinachonitia kinyaa zaidi ni kwamba niliyaona haya yote nikiwa nimevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi.

Siku ya tatu akaja koplo wa polisi na karatasi. Alikuwa mtu wa kutoka Kenya, hakujua neno la Kiturkana zaidi ya salamu, ejok. Baba yako akasimama mlangoni, mkono umefungwa shingoni. Hakuniomba chochote. Alinitazama tu. Tulikuwa tunajua wote wawili: gari la serikali halibebi mtu asiye wa serikali, wala mbuzi. Akiandikwa kwamba alimlazimisha mwanamke kupanda, kazi itakwisha, na nyumba ni ya serikali.

Nawoi alikuwa na homa, lakini alisema polepole na kwa mpangilio, kama anayejua kuwa maneno yanaandikwa. Akasema, "Nilimwambia ngozi yangu ni ndefu na ule mnyororo uko wazi. Nikasema nitatembea. Akasema panda, serikali haimngoji mwanamke. Mbuzi ndiye aliyemzuia mikono. Waandike hivyo."

Koplo akanitazama, akingoja.

"Anasema aliirukia ikiwa inakwenda," nikamwambia. "Alitaka kupanda."

"Bila ruhusa?"

"Bila ruhusa."

Koplo akaandika, kisha akasema kwamba mwanamke huyu amesema maneno mengi kwa jambo fupi namna hii. Nikamjibu kwamba watu wetu ndivyo walivyo, huzunguka sana wakizungumza. Nilisema hivyo, Wekesa. Niliwatukana watu wangu ili uongo wangu ulingane na urefu wa maneno yake. Hata baba yako pale mlangoni aliinamisha uso.

Nawoi akaniuliza kama yote yameandikwa. Nikamwambia yote. Nikamshika kidole gumba cha kulia, nikakipaka wino, nikakikandamiza juu ya karatasi. Kilikuwa na joto la homa. Akanishukuru.

Ile pikipiki ilipona kabla ya watu. Fundi aliletwa, taa ya mbele ikabadilishwa, tangi likanyooshwa, na kifuniko cha mnyororo kikafungwa kipya kabisa. Kuhusu Nawoi, ofisi ilisema mtu aliyerukia chombo cha serikali hana lake, na karatasi yenye kidole chake ikawa ushahidi dhidi yake. Baba yako aliandikiwa barua ya onyo kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe aliletwa hapa nyumbani, akafungwa pale kwenye mlango wa jiko, akanenepa. Ulipokuja likizo tulimchinja kwa ajili yako. Wewe ulikula ini.

Daktari alijitahidi na ule mguu, lakini mchanga ulikuwa umeingia mbali. Ukaoza. Nilikuwa nauosha asubuhi na jioni, na Nawoi alikuwa akinitazama usoni ajue hali, maana mguu wenyewe hakuthubutu kuutazama. Wiki ya tatu ukakatwa juu ya goti. Alipopata fahamu akataka kujua mguu wake uko wapi. Nikamwambia umezikwa vizuri, upande wa mto. Ulikuwa kwenye shimo nyuma ya jiko la hospitali pamoja na pamba chafu. Kwa wakati ule uongo ulikuwa umeshanizoea, ulitoka bila kubisha hodi.

Sasa nikueleze nilichokuja kukijua baadaye, kwa sababu wewe na Lokai mlicheka mkidhani kisa kiliishia mchangani. Lomuria alikaa nje ya wadi miezi minne. Mgonjwa lazima awe na mtu wa kumpikia na kumgeuza, na yeye hakuwa na mwingine. Alikuwa akiuza mbuzi mmoja mmoja kwa ajili ya unga na sukari, na wanunuzi wa hapa mjini walimjua kwamba hawezi kungoja, kwa hiyo walimpa walichotaka. Nilikuwa nikimpita kila siku pale chini ya mti, tunasalimiana. Mwanamume anayekaa nje ya wadi hawezi kuwa kisimani. Mifugo aliiacha kwa ndugu yake, mvua ikakataa, ngamia waliokuwa wakikohoa hawakutibiwa na mtu, wakawaambukiza wenzao. Alirudi akakuta ngozi za wanyama waliokufa.

Na Nawoi alikuwa ndiye mikono ya lile boma. Mwanamke kwetu ndiye anayejenga, ndiye anayepakia punda mkihama, ndiye anayeshuka kisimani kupitisha maji juu. Mwenye mguu mmoja hashuki kisimani. Binti yao wa kwanza akaingia mahali pake, mtoto wa miaka kumi, na kabla hajakomaa akaozwa kwa mzee mmoja ili warudishe wanyama kidogo. Wanyama hao nao hawakukaa. Wenzao walipohama, wao wakabaki, kwa sababu mtu wa gongo hawezi kuufuata msafara. Ndivyo walivyoishia Kakuma kando ya barabara, wakingoja posho ya serikali na kuchoma makaa. Watu waliokuwa na ngamia. Mguu mmoja ulikula boma zima, na mimi ndiye niliyeufungua mlango.

Nilimkuta miaka miwili iliyopita, nilipokwenda na akina sista kuchanja watoto. Alikuwa ameketi kando ya barabara na debe la makaa, gongo lake la mti wenye panda liko pembeni. Nilitaka kupita. Akaniita.

"Ejok, mama Wekesa. Mtoto amemaliza shule?"

Nikasema amemaliza. Akafurahi kweli. Halafu akaniambia kwamba Lomuria aliwahi kwenda ofisini kuuliza, akaambiwa karatasi inasema mkewe alirukia pikipiki. "Wewe ulikuwepo," akasema. "Ulinisikia nikisema hivyo?"

Nikamwambia ni siku nyingi zimepita.

Akaendelea kunitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo sijalisahau. Alikuwa kama mtu anayengoja mwenzake akumbuke. Nami kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, nikauliza bei ya makaa. Aliponitajia, nikaomba anipunguzie. Mazoea tu ya sokoni, mdomo ulisema wenyewe. Akanipunguzia. Nilirudi Lodwar na debe la makaa kwenye gari la hospitali na nikapikia chai yetu. Hakuna kitu nilichowahi kufanya ninachokionea kinyaa kama ile bei.

Baba yako alipougua na kufa mwaka jana, niliketi karibu naye siku nyingi, na nilitegemea atalitaja jambo la Nawoi. Hakulitaja, wala mimi. Tulizungumza habari za mabati ya paa. Tangu siku ya koplo tuliishi tukilizunguka jambo hilo kama watu wanaolizunguka shimo la choo uani, kila mtu analijua lilipo hata gizani. Msemo unasema mficha uchi hazai. Sisi tulificha, tukazaa, na tuliyemzaa akasimama jana uani akiiga jinsi Nawoi alivyoanguka.

Usinielewe vibaya. Najua utakachokifikiri, kwamba ada ya shule yako ilitokana na mshahara ule na mshahara ulitokana na uongo. Ni kweli, lakini si mzigo wako. Ulikuwa mtoto, hukuulizwa. Nilijidanganya kwa miaka saba kwamba nilifanya kwa ajili yako, na hilo nalo ni chafu, mama kumfanya mtoto wake awe kisingizio. Nilifanya kwa ajili ya nyumba yenye bati, na kwa ajili ya kuitwa mke wa bwana mifugo. Wewe nilikuweka mbele baadaye, kama mtu anayetanguliza mtoto anapoingia kwa wenye kumdai.

Leo asubuhi ulidhani niko kanisani. Nilikwenda polisi. Nilimkuta ofisa mmoja kijana, mstaarabu, akaniletea kiti. Nikamweleza yote, tangu ngozi mpaka wino. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jina la koplo. Koplo alihamishwa zamani. Akamtuma mtu atafute faili, naye akarudi mikono mitupu, akasema kabati la miaka hiyo liliingiwa na mchwa.

"Mama," ofisa akaniambia, "bwana mwenyewe ameshakufa. Sasa unataka tumshitaki nani?"

"Mimi."

Akatabasamu. Aliniambia nina huzuni ya mjane, nikapumzike, akanitilia chai. Nilikunywa, Wekesa, kwa sababu nilikuwa na kiu, na chai ilikuwa nzuri yenye maziwa mengi. Nikatoka pale nikiwa safi mbele ya serikali. Kama umewahi kuuliza kwa nini siiamini karatasi yenye muhuri, jibu ndilo hilo. Uongo wangu waliupokea siku moja, wakautumia. Ukweli wangu wamenitilia sukari.

Mchana nikaenda kwa sista mkubwa, nikamwambia kazi ya kutafsiri nimeiacha, na kwa nini. Aliniuliza kama ilikuwa mara moja tu. Nikasema kwa polisi ilikuwa mara moja. Hakuniuliza tena. Vidonda nitaendelea kufunga kama watanikubali. Kidonda hakihitaji niseme kitu.

Kabla ya hapo, jana jioni ileile, nilivuka mto kwenda kwa mjomba wako, nikamwambia nawataka mbuzi wangu wote kumi na wawili. Alifikiri nimepata mume. Nilipomweleza, akatoa shauri kama mtu mwenye akili za mjini: kwamba nikupe wewe uende nao, useme ni zawadi ya mjane kwa mgonjwa aliyemhudumia zamani, mambo yaishe kwa heshima. Nusura nikubali. Ona jinsi nilivyo. Baada ya hayo yote, uongo mwingine uliponyooshewa mkono, mkono wangu ulitaka kuushika.

Lakini kwetu mnyama wa kosa hachinjwi kabla kosa halijatajwa mbele ya watu walioketi. Mbuzi asiye na maneno ni hongo, na watu wale nimeshawanyang'anya vya kutosha bila kuwahonga. Kumi na wawili si fidia ya mguu, wala ya ngamia, wala ya yule binti. La kuvunda halina ubani. Sisemi nikifika kutanukia vizuri. Nasema Nawoi ana haki ya kuyasikia maneno yake mwenyewe yakisemwa kwa sauti, kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema, mbele ya mumewe na majirani wanaomwita yule aliyerukia pikipiki. Na mtu pekee anayeyakumbuka yote neno kwa neno ni yule aliyeyameza.

Kwa hiyo kesho usinitafute. Lori la unga linaondoka alfajiri, na mwenye lori amekubali kunipakia na mbuzi. Wewe lazima upite ofisini kwanza kuchukua chanjo, kwa hiyo nitakuwa nimekutangulia kwa nusu siku. Nimepanga iwe hivyo. Barua hii naiweka juu ya kiti cha pikipiki na kuikandamiza kwa jiwe, usije ukaipanda bila kuigusa.

Sijui watanifanya nini. Huenda Lomuria akanipiga, ana haki. Huenda wakawafukuza mbuzi. Huenda Nawoi akanisikiliza tu na kuniuliza habari za nyumbani, na hicho ndicho ninachokiogopa kuliko fimbo.

Sikuambii usiendeshe pikipiki. Mtu wa mifugo asiye na chombo hufika ng'ombe wameshakufa. Wala sitakuchosha na mambo ya mwendo, kwani mwendo utaujua kwa magoti yako. Nakuomba jambo moja tu, nalo nimelijua kwa gharama ya mguu wa mtu mwingine. Mtu akisimama kando ya pikipiki yako na kuanza kukuonyesha kitu kwa kidole, awe mwanamke, awe mtoto, awe mzee asiyejua Kiswahili, zima injini. Zima kabisa, ushuke, umsikie. Yeye ndiye anayejua mwili wake utaingia wapi. Na ukipewa mbuzi, lala huko, mle pamoja.

Saa ya baba yako usiivue kwa ajili ya barua hii. Ivae. Alikupenda, na hilo halikuwa uongo. Lakini kile kisa usikisimulie tena, na ukimwona Lokai kabla hujaondoka mwambie kwamba ulimdanganya bila kujua. Ni jirani tu, najua. Mimi nilianza na koplo mmoja tu.

Ukifika Kakuma, pita mjini, vuka mto, uulize boma la Lomuria. Mimi nitakuwa pale au nitakuwa nimefukuzwa. Vyovyote vile, usikae juu ya pikipiki ukisalimia. Watakuuliza wewe ni mtoto wa nani, kama anavyoulizwa kila mgeni kabla hajapewa maji. Desturi ni mtu kuanza na jina la baba yake. Wewe anza na langu.

Mama yako,
Akiru